Mkwaruzo Ukingoni

Kabla sijawa fundi wa maabara nilikuwa fundi saa, na nalisema hilo kwa majivuno wala sioni haya. Miaka kumi na minne nilikaa nyuma ya kioo cha duka dogo, lenzi jichoni, nikishika kwa kibano vigurudumu ambavyo mtu mwingine akivipumulia tu vinapotea. Siku moja akaingia mzee mwembamba na saa yake iliyosimama, akanitazama nikifanya kazi mpaka nikakereka. Nilipomuuliza anataka nini zaidi, akasema anafundisha fizikia chuoni na anatafuta mtu mwenye mkono kama huo. Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kutazama saa kwenye simu. Nikafunga duka, nikamfuata.

Huyo ndiye Profesa. Nyuma ya mgongo wake tunamwita Labda, maana ukimletea habari njema, hata iwe njema kiasi gani, atavuta kiti, atakaa, atakuna kidevu, kisha atasema, "Labda." Mimi nao wananiita Fundi Saa mpaka leo, ingawa sijafungua saa ya mtu kwa miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe ukiielezea inachekesha. Unachukua kipande cha grafiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli, unakibandikia utepe wa gundi na kuubandua. Kilichonata unakibandika na kukibandua tena, na tena, mpaka upate utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Unautafuta kwa hadubini nusu siku nzima. Ukiupata unatafuta mwenzake, kisha unaulaza mmoja juu ya mwingine, na hapo ndipo mkono wa fundi unapohitajika, kwa sababu ule wa juu lazima uzungushwe kidogo: digrii moja na ushee. Ukiulaza bila kuuzungusha, umeme unapita kama siku zote. Ukiuzungusha digrii tatu, hupati cha maana. Lakini ukiipata ile digrii moja na ushee, elektroni zinabadilika tabia, zinapunguza mwendo na kuanza kusikilizana. Hujaongeza chumvi wala dawa, kaboni ni ileile, umegeuza umbo tu. Mara ya kwanza Profesa kuniambia hayo nilidhani mzee wa watu amechoka.

Aliyenifanya nielewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Alikuja kusomea udaktari wa fizikia chuoni kwetu, akakaa kwangu mimi na mke wangu miaka mitatu na miezi. Mtoto ana kichwa chepesi na mdomo usiojua kupumzika. Asubuhi moja tukiwa mezani, chai haijapoa, akanitazama kifuani akaangua kicheko.

"Mjomba, umefunga shati kombo. Kifungo kimoja kimeruka."

"Ndiyo mtindo," nikamwambia.

"Hebu usilifungue kwanza. Unajua hiyo ndiyo kazi yangu?" Akasogeza kiti. "Livute shati hilo unavyotaka. Likunje, lilowanishe, mkazamjomba alipige pasi. Bado kifungo kimoja kimeruka. Hakiwezi kuwa kimoja na robo, wala kikajirekebisha chenyewe. Mpaka ufungue vyote uanze upya. Sasa elektroni kwenye sampuli zetu nazo zimejipanga hivyo, kuna hesabu nzima ndani yake. Kwa sababu ya hiyo hesabu, katikati ya utando umeme haupiti kabisa, ila pembeni, kwenye ukingo, lazima kuwe na njia. Na njia hiyo ni ya kwenda tu, haina kurudi."

"Na ukingo ukiwa mbovu?"

"Zinazunguka ubovu, zinaendelea. Zitarudi wapi, na hakuna njia ya kurudi?"

Mke wangu akasema yeye angependa kumwona mtu anayeweza kupiga pasi shati likiwa mwilini, tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wao. Shati lile nililifunga kombo kwa sababu vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekataa kunitii asubuhi ile, na haikuwa asubuhi ya kwanza.

Kutetemeka kulianza polepole. Kikombe kiligonga sahani, ufunguo ulitafuta tundu la kitasa. Nikiwa nimeukaza mkono kwenye kazi ulikuwa unatulia, kwa hiyo nilijiambia ni uchovu. Sikumwambia mke wangu, sikumwambia daktari, na Profesa ndiyo kabisa. Mtu aliyetolewa nyuma ya kioo cha duka kwa ajili ya mkono wake, mkono ukiharibika anabaki kuwa nani? Niliogopa, nalisema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Mpwa wangu alikuwa na sampuli moja nzuri. Tulitengeneza tando thelathini na nane, na hiyo moja tu ndiyo iliyokubali kukaa kwenye pembe inayotakiwa. Tuliifunga nyaya tukaishusha kwenye mashine ya baridi, na nikisema baridi simaanishi friji. Ni baridi ya heliamu iliyogeuzwa maji, karibu na pale ambapo joto lote linaisha. Akapima. Ukinzani ukatoka omu elfu ishirini na tano, mia nane na kumi na tatu. Namba hiyo si ya kubahatisha. Ndiyo namba ambayo hesabu inasema itatoka, kwenye udongo wowote wa dunia, kama umeme unakwenda ukingoni kwa njia moja ya upande mmoja. Mpwa wangu alipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio wakidhani amepigwa shoti.

Siku ya tatu waya mmoja ukaachia. Jambo la kawaida. Tukaitoa sampuli, ikapata joto, nami nikabaki nayo peke yangu kuurudisha waya, kwa kuwa kazi ya namna hiyo hufanyi watu wakikusimamia kichwani. Tuna sindano nyembamba iliyoshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo unaendeshwa kwa skrubu tatu, nawe unatazama ncha ya sindano kwenye skrini. Nilikuwa nausukuma waya pembeni taratibu. Kidole gumba kikaruka. Skrubu ikazunguka robo, na ile ncha ikapita juu ya ukingo wa utando, ikaacha mkwaruzo ulioingia ndani kama theluthi ya upana wake.

Nilikaa nikiutazama ule mkwaruzo mpaka macho yakauma. Utaratibu wetu hauna mjadala: kila ukiigusa sampuli unapiga picha kabla na picha baada, na unaandika daftarini ulichofanya. Picha ya kabla nilikuwa nimeshapiga. Ya baada sikupiga. Nikaandika, "Waya umerudishwa, sampuli salama," nikaifunga sampuli kwenye kifuniko chake na kumkabidhi mpwa wangu kama mtu anayekabidhi kikombe cha maji.

Wakaishusha tena kwenye baridi. Siku mbili za kusubiri sikula chakula cha maana. Alipopima, namba ikatoka ileile. Mia nane na kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili, haikutoka hapo. Nilishukuru moyoni nikaenda nje kununua maji, nikajiambia hapakuharibika kitu na hapatakuwa na kesi.

Profesa akavuta kiti, akakaa.

"Labda," akasema.

Akamwambia mpwa wangu abadilishe kifaa cha kupimia. Akabadilisha, namba ileile. Akamwambia ageuze mwelekeo wa umeme. Akageuza. Wiki ya nne akatoa la mwisho, na sikuweza kumlaumu kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Unasema umeme uko ukingoni na hauzuiliki. Mimi nasema labda unapita katikati, na namba imeangukia hapo kwa bahati. Kata ukingo. Ingia ndani kabisa, theluthi ya utando hivi. Namba ikibaki, nitakusainia siku hiyohiyo."

"Profesa, hii sampuli ni moja tu," mpwa wangu akasema. "Na mashine inafungwa mwisho wa mwezi, matengenezo ya miezi minane. Ikifa, sina kitu."

"Najua. Ndiyo maana sikulazimishi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Nilielewa palepale. Kitu anachokitaka mzee huyu kimeshafanyika, na namba zote mbili, ya kabla ya kukatwa na ya baada ya kukatwa, zimo kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Hajui tu kwamba kati ya hizo mbili kuna mkwaruzo. Sentensi moja yangu ingetosha. Nikarudi kufunga skrubu.

Wiki tatu nzima nilinyamaza. Nyumbani alikuwa akikaa mezani akisogeza chakula upande huu na upande ule, mara anasema atakata, mara anasema hakati. Jioni moja alilia kwa kwikwi, mke wangu akamshika mabega, na mimi nikampa maji. Ndicho nilichofanya, nilimpa maji. Kisha asubuhi moja akashuka ametulia, nywele amezibana vizuri, akatuambia ameandika barua. Anaiondoa sura hiyo yote kwenye tasnifu yake. Ataomba shahada ya chini zaidi kwa kazi ndogo aliyofanya mwaka wa kwanza, na atarudi kwa mama yake.

"Sina moyo wa kuikata, mjomba. Bora niiache ikiwa nzima."

Nikawaza: akiiondoa, sampuli itarudi kwenye kisanduku chake, na hakuna atakayeiweka tena chini ya hadubini. Hakuna atakayejua. Nikafurahi. Ilikuwa furaha fupi, labda ya pumzi mbili, lakini niliihisi, na katika mambo yote niliyoyafanya hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni. Mke wangu akanitazama, akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza, kisha akanitazama tena usoni.

"Wewe una jambo," akasema.

Niliondoka na kandambili za nyumbani. Nilimkuta mpwa wangu ameshaketi mbele ya Profesa, barua iko mezani, bado haijafunguliwa.

"Imeshakatwa," nikasema.

Wote wakageuka.

"Sampuli. Niliikwaruza mimi nilipokuwa narudisha ule waya. Ukingo umeingiwa theluthi nzima. Kipimo cha kwanza kilikuwa kabla, vingine vyote ni baada."

Nilitazamia mpwa wangu aruke kwa furaha. Hakuruka. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi.

Profesa akavuta kiti, ingawa alikuwa tayari amekaa kwenye kingine, akakisogeza upande wangu nikae. "Labda," akasema kwa upole. "Na labda unamhurumia mtoto wa dada yako. Ningekuwa wewe ningemhurumia."

"Itoeni muitazame."

Ikatolewa siku iliyofuata. Tukaiweka chini ya hadubini, na pembeni yake tukafungua picha ya kabla, yenye ukingo uliokwenda sawa kama ubavu wa rula. Kwenye skrini ya kulia mkwaruzo ulikuwa pale unatucheka. Profesa aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Labda umekwaruzika leo, wakati wa kuitoa," akasema.

Hapo nikapandwa na hasira, na ninapopandwa na hasira sichagui maneno. "Profesa, mimi ni mwongo wa kunyamaza. Wa kusema bado hujaniona. Miaka kumi na tisa nakubebea vitu visivyoonekana kwa macho, leo utaniambia nimekuja na hadithi?"

Hakukasirika. Alifikiri. "Basi ukate tena," akasema. "Upande wa pili, mbele yetu sote, picha zikipigwa. Namba ikibaki hapo ilipo, sitakuwa na neno. Wewe binti unasemaje?"

"Ikatwe," mpwa wangu akasema.

Nikakaa kwenye kiti changu. Nikashika skrubu. Kwenye skrini ncha ya sindano ikaingia ikitokea kushoto, na ilikuwa inacheza. Haikuwa kidogo. Ilikuwa inacheza kama jani, na chumba kizima kilikuwa kinaitazama, kwa sababu hadubini inakuza mara elfu moja na haina adabu ya kumfichia mtu. Nilikaza mkono. Ikacheza zaidi. Nikasikia Profesa ameacha kukuna kidevu.

"Tangu lini?" mpwa wangu akauliza.

"Miezi saba sasa."

"Na mkazamjomba anajua?"

"Leo atakuwa ameshajua."

Niliachia skrubu, nikainuka kwenye kiti, nikamwonyesha akae. Akasema hajawahi kukata hata mara moja. Nikamwambia hata mimi sikuzaliwa na sindano. Akakaa, akashika pale nilipokuwa nimeshika, na chuma bado kilikuwa na joto la mkono wangu.

"Watakwambia uzuie pumzi," nikamwambia. "Usizuie, ukizuia moyo unapiga kwa nguvu na vidole vinasikia. Toa pumzi polepole. Ikifika mwisho, kabla hujavuta nyingine, sogeza. Kidogo tu. Kisha pumua, usiogope, sindano itakusubiri."

Akatoa pumzi. Ncha ikatulia, ikashuka, ikagusa. Tulihesabu pumzi tisa. Kwenye ya tisa mkato ulikuwa umefika ndani kuliko wa kwangu, na ulikuwa umenyooka. Ulikuwa mkato mzuri, mzuri kuliko ambao mimi ningeukata hata mwaka jana, na nilisikia fahari na wivu vyote kwa pamoja.

Siku mbili za kupoza zikapita. Nyumbani alikula, akaosha vyombo, akazungumza na mke wangu kuhusu mvua. Mimi alinisalimia, "Shikamoo mjomba," kwa adabu yote, na baada ya salamu hapakuwa na neno lingine.

Saa nne asubuhi ya siku ya tatu tukakusanyika mbele ya skrini. Namba ilianza juu huko, ikashuka kadiri baridi ilivyozidi, ikashuka, ikapunguza mwendo. Elfu ishirini na sita. Elfu ishirini na tano na mia tisa. Kisha ikafika mia nane na kumi na tatu, ikasimama. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu. Utando ulikuwa umekatwa pande mbili, umbo lake limeharibika kama karatasi iliyotafunwa na panya, na elektroni zilikuwa zimezunguka mikato yote miwili na kuendelea na safari.

Profesa alisimama. Tulimngoja aseme neno lake. Akachukua kalamu mfukoni, akauliza, "Nisaini wapi?"

Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu alifunika uso kwa viganja vyote viwili, kisha akaja mpaka niliposimama, karibu na mitungi ya gesi.

"Wiki saba, mjomba," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Wiki tatu za mwisho ulikuwa unajua kabisa. Nililia mezani kwako, ukanipa maji."

"Nisamehe."

"Bado. Nitakusamehe, najijua, lakini bado." Akapangusa pua. "Jumatatu saa tatu tuna miadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mkazamjomba ameshapiga simu. Tunakwenda wote."

Jumatatu mke wangu alibaki mapokezi akijaza fomu, sisi wawili tukaingia. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, hakuniuliza mengi. Alinipa karatasi na kalamu akaniambia nichore duara la konokono, nianzie nje nizunguke nikiingia ndani mpaka katikati, bila kuegemeza mkono. Kisha akatoka kwenda kuchukua kipimo kingine.

Nilichora. Nilitumia njia zangu zote, nilitoa pumzi, nikangoja mwisho wa pumzi, na bado mstari ulitoka na meno kama msumeno kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa mchoro wa mtoto wa chekechea. Machozi yakanitoka, nami sikuyaficha, nilikuwa nimeshachoka kuficha.

Mpwa wangu aliivuta karatasi upande wake. Aliutazama ule mstari kwa makini anayotazamia vipimo vyake, akaufuata na kidole raundi zote tano, hakuharakisha, mpaka kidole kikafika katikati.

"Haujakatika popote," akasema.

Akanirudishia karatasi. Akaniambia bado ana hasira na mimi, nikamwambia najua, tukakaa bega kwa bega tukimsubiri daktari arudi.